Anayeliona Gamba Likija: Mtazamo na Bahati katika Mario Kart ya Kiganjani

Ni jambo la kawaida katika uhakiki wa fasihi kuanza kwa kuuliza ni nani anayesimulia, na anaona nini kutoka pale aliposimama. Swali hili limezoeleka mno katika madarasa ya riwaya, lakini ni nadra kuelekezwa kwa michezo ya kielektroniki, na nadra zaidi kwa ile inayodhaniwa kuwa ya watoto, yenye wahusika wa vibonzo wanaoendesha vigari vidogo na kutegeana maganda ya ndizi. Makala haya yanalielekeza huko. Yanachunguza michezo miwili ya mfululizo wa Mario Kart iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, kwa ajili ya konsoli za kushikwa mkononi: Mario Kart: Super Circuit, uliotoka mwaka 2001 kwa Game Boy Advance, na Mario Kart DS, uliotoka mwaka 2005 kwa Nintendo DS. Linalodaiwa ni kwamba tofauti kubwa baina ya matini hizi mbili haimo katika michoro wala katika idadi ya njia za mbio, bali katika kiasi cha ujuzi anachopewa mchezaji. Na kwamba ujuzi huo ulipoongezwa, kile kilichokuwa bahati kilianza kufanana na majaliwa.

Pingamizi la kwanza linajulikana. Mwaka 1997 Janet Murray, katika kitabu chake Hamlet on the Holodeck, aliusoma mchezo wa Tetris kama taswira ya maisha ya Wamarekani waliolemewa na kazi katika miaka ya tisini. Mwaka 2001 Markku Eskelinen alimjibu kwa ukali kwamba usomaji wa namna hiyo unauvika mchezo hadithi isiyokuwa yake. Mabishano kati ya wale walioitazama michezo kama masimulizi na wale walioitazama kama kanuni tu yaliendelea kwa miaka kadhaa. Eskelinen alikuwa na hoja, na mhakiki anayetafuta msuko wa matukio katika Mario Kart atatoka mikono mitupu: mbio huanza, mbio huisha, mshindi hupewa kombe, basi. Hata hivyo, pande zote mbili zilikwenda haraka mno. Matini yaweza kukosa hadithi na bado ikawa na mtazamo. Mtu anayetazama barabara kupitia dirisha hasimuliwi chochote, lakini kuna anachokiona na kuna anachofichwa, na mpangilio huo wa kuonyesha na kuficha ni kazi ya mtunzi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, inafaa kueleza namna unavyokwenda. Washindani wanane hujipanga, huku kobe aliyepanda wingu, Lakitu, akiwashikia taa za kuanzia. Aghalabu huzunguka njia mara tatu. Njiani mna masanduku, na kila anayeligonga sanduku hupewa kitu: uyoga unaoongeza kasi, ganda la ndizi la kumtelezesha anayefuata, gamba la kobe la kijani linalokwenda moja kwa moja, gamba jekundu linalomwandama aliye mbele, nyota inayomkinga mwenye nayo dhidi ya kila dhara, au radi inayowafanya wengine wote kuwa wadogo. Sanduku hutoa kwa bahati nasibu, lakini bahati hiyo imepimwa. Aliye mbele hupata vitu hafifu, naye aliye nyuma hupata vitu vikubwa. Kati ya vitu hivyo vikubwa, kinachojulikana zaidi ni gamba la samawati, ambalo liliingia katika mfululizo huu kwa Mario Kart 64 ya mwaka 1996, na ambalo kazi yake ni moja tu: kumtafuta anayeongoza na kumwangusha.

Kuhusu wahusika hapana mengi ya kusema. Ni wahusika bapa kwa maana ile aliyoikusudia E. M. Forster mwaka 1927, na ubapa wao ni wa makusudi. Mario ni fundi wa mabomba, Bowser ni adui ambaye katika michezo mingine humteka nyara Binti Mfalme Peach, lakini hapa mteka na mtekwa huanza mbio wakiwa mstari mmoja bila kinyongo. Uhasama wao umegeuzwa kuwa uzito. Walio wepesi hushika kasi upesi, walio wazito hufikia kasi kubwa zaidi na kuwasukuma wenzao nje ya njia. Tabia imekuwa fizikia. Mhakiki wa mkondo wa Bakhtin angeiona hapa sherehe ya mtaani inayofuta vyeo kwa muda, na pengine asingekosea, ingawa jambo hilo ni dogo likilinganishwa na suala la mtazamo.

Mgongo wa mwendeshaji

Katika Super Circuit mchezaji hamwoni mhusika wake usoni wakati wa kuendesha. Humwona mgongo. Skrini ya Game Boy Advance ina nukta 240 kwa upana na 160 kwa kimo, na katika toleo la kwanza la konsoli hiyo haikuwa na taa yake yenyewe. Ilimbidi mchezaji asogee dirishani au akae chini ya balbu, na kuinamisha mikono hadi nuru iingie vizuri. Ndani ya kidirisha hicho kigari hukaa karibu na ukingo wa chini, katikati, na kwa hakika hakiendi popote. Kinachokwenda ni ardhi. Mtambo huo haukuwa na uwezo mkubwa wa kuchora vitu vya pande tatu, kwa hiyo watengenezaji waliichukua picha bapa ya njia nzima, wakailaza, kisha wakaizungusha na kuikuza chini ya magurudumu. Ndiyo maana njia za Super Circuit hazina vilima. Dunia yake ni mkeka unaovutwa chini ya miguu ya mtu aliyesimama.

Mbinu hii ya kiufundi ina athari ya kisimulizi ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mtazamo ni wa nafsi ya tatu, kwa kuwa mhusika anaonekana, lakini ni nafsi ya tatu yenye ujuzi finyu kupita kiasi: imefungwa mgongoni mwa mtu mmoja na kuelekezwa mbele tu. Ramani ndogo ya pembeni ipo, lakini kwenye skrini ya ukubwa huo haisomeki kwa urahisi na jicho linalokodolea kona inayokuja. Kila kinachotokea nyuma hakipo mpaka kimefika. Gamba jekundu halikaribii, linatokea. Mchezaji anayeongoza huzunguka akiwa amebeba hofu isiyo na umbo, na atakapogongwa hatajua kama adui alikuwa hatua mbili nyuma au ishirini.

Wasomaji wa fasihi simulizi wataikumbuka hapa ngano ya sungura na kobe kama inavyosimuliwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Tofauti na simulizi ya Aesop, ambamo sungura hushindwa kwa kulala, katika ngano hii sungura hukimbia kwa bidii zote. Hushindwa kwa sababu kobe amewapanga jamaa zake njiani, na kila sungura anapoita, kobe hujibu kutoka mbele yake. Kosa la sungura halipo katika tabia yake bali katika pale aliposimama: yeye huona kobe mmoja, ilhali hadhira inaona ukoo mzima. Ucheshi wa ngano hiyo unatokana na pengo hilo. Mchezaji wa Super Circuit anayeshindana na kompyuta yuko katika hali ya sungura kwa namna inayoshangaza. Mfululizo huu unajulikana kwa washindani wa kompyuta wasioachwa mbali. Mchezaji akiendesha vizuri, nao huongeza kasi, na kila akidhani amewatoroka, hao hapo nyuma yake. Kanuni inayowaleta haionekani. Imejificha kichakani pamoja na jamaa za kobe.

Haifai hata hivyo kudhani kwamba mwanzo wa mfululizo ulikuwa wa haki zaidi. Katika Super Mario Kart ya mwaka 1992, mchezo wa kwanza, uliokuwa wa konsoli ya nyumbani, washindani wa kompyuta hawakutegemea masanduku kabisa. Kila mmoja alikuwa na silaha yake, kama vile mayai ya Yoshi na moto wa Bowser, ambazo mchezaji hangeweza kuzipata. Ulikuwa udhalimu wa wazi. Uliofuata ulikuwa wa adabu zaidi, kwani ulipitia katika sanduku lililo wazi kwa kila mtu.

Skrini ya chini

Nintendo DS ilikuwa na skrini mbili, moja juu ya nyingine, na Mario Kart DS iliuza zaidi ya nakala milioni 23. Juu mna mtazamo uleule wa zamani, mgongo na barabara. Chini mna ramani. Mchezaji anaweza kuitazama njia yote kutoka angani, na washindani wote wanane wakiwa juu yake, au akaikaribia sehemu aliyopo tu, ambapo huona pia vitu vilivyotegwa barabarani na magamba yanayomjia kutoka nyuma. Kwa istilahi za nadharia ya usimulizi, skrini ya juu ni ya msimulizi mwenye ujuzi finyu na skrini ya chini ni ya msimulizi maizi. Riwaya huweza kuhama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, sura kwa sura au hata sentensi kwa sentensi. Hapa wote wawili husema kwa wakati mmoja, na msomaji ndiye anayeamua, kwa kuinua au kushusha jicho, amsikilize nani.

Bahati njema ya mhakiki ni kwamba matini yenyewe imeandaa ulinganisho. Mario Kart DS ina njia 32, na 16 kati yake zimetolewa katika michezo iliyotangulia. Nne zinatoka Super Circuit, ikiwemo Peach Circuit, njia ya kwanza kabisa ya mchezo ule wa 2001. Huu ni mwingilianomatini wa wazi kabisa: kona zilezile, mpangilio uleule, mtazamo tofauti. Mwaka 2001 Peach Circuit ilikuwa njia rahisi ya kujifunzia. Mwaka 2005 bado ni rahisi kwa mikono, lakini utulivu wake umeondoka, kwa kuwa anayeongoza sasa anaona jinsi anavyowindwa.

Uzito wa jambo hili unajitokeza katika vitu viwili. Cha kwanza ni ngisi, ambaye aliingizwa katika mfululizo kwa mchezo huu wa 2005. Ngisi huwatapikia wino wale walio mbele, na wino huo huifunika skrini ya juu. Barabara hupotea. Ramani ya chini, lakini, hubaki safi, na mchezaji mzoefu huteremsha macho na kuendelea kuendesha kwa kutumia ramani peke yake. Kwa sekunde chache msimulizi mwenye ujuzi finyu amepofushwa na msimulizi maizi amemshika mkono. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo mchezo huu unakiri waziwazi jinsi ulivyoundwa.

Cha pili ni gamba la samawati. Gamba jekundu likija, ujuzi wa skrini ya chini una manufaa: mchezaji aliyeliona huweza kushikilia ganda la ndizi nyuma ya kigari chake, na gamba likapasukia hapo. Kujua ni kuokoka. Gamba la samawati likija, kujua hakusaidii kitu. Mchezaji huliona likitoka nyuma kabisa, huliona likiwapita wengine bila kuwajali, huliona likiikata njia kuelekea kwake, naye hana la kufanya ila kuendelea kukanyaga mafuta. Ndizi hailizuii. Kukimbia zaidi hakulizuii. Wapo wanaopunguza mwendo ili wapitwe na mwingine alipokee yeye, yaani wanaukana uongozi ili wasiadhibiwe kwa ajili yake, na hiyo yenyewe ni hukumu ya kutosha juu ya mbio ambazo lengo lake lilikuwa kuwa wa kwanza.

Kinaya cha kidrama, kama kinavyofundishwa kwa mfano wa Sofokile, huhitaji watu wawili: yule anayejua, ambaye ni mtazamaji, na yule asiyejua, ambaye ni mhusika. Mtazamaji wa Mfalme Edipode hupata uchungu wake kwa sababu hawezi kupanda jukwaani na kumwonya. Mario Kart DS inawaunganisha watu hao wawili katika kiti kimoja. Mchezaji ni mtazamaji kwa jicho linalotazama chini na ni mhusika kwa kidole kilichobana kitufe. Anajua yote na bado yumo ndani. Onyo limemfikia, na halina maana. Katika Super Circuit gamba hilohilo lilikuwa ajali. Hapa limekuwa kitu ambacho mtu hukingoja.

Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, aligawa michezo katika makundi manne, yaani ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu, na akaona kwamba ushindani na bahati zinakinzana: katika ushindani mtu hujitegemea, katika bahati hujisalimisha. Michezo inayochunguzwa hapa huzichanganya hizo mbili ndani ya mzunguko mmoja, na wengi wameisifu kwa hilo, wakisema kwamba sanduku linalomkirimu aliye nyuma ni aina ya haki, kwamba mnyonge anapewa nafasi. Sifa hiyo haistahili kukubaliwa upesi. Gamba la samawati humwangusha wa kwanza, lakini anayenufaika moja kwa moja ni wa pili, wala si yule wa nane aliyelirusha, ambaye mara nyingi hubaki wa nane. Mnyonge amepewa silaha ya kumsaidia asiyemjua. Kinachogawanywa hapa ni taharuki, na haki haimo: matokeo yanacheleweshwa ili kila mtu aendelee kutazama, kama mtunzi wa hadithi za mfululizo anavyofanya mwishoni mwa kila toleo.

Dalili za tabaka zipo pia, tena mahali zisipotazamiwa. DS iliwezesha watu walio karibu kucheza pamoja kwa mawasiliano yasiyo na waya hata kama ni mmoja tu aliyekuwa na kadi ya mchezo. Mwenye kadi alichagua mhusika aliyemtaka. Wengine wote walilazimika kuwa Shy Guy, kiumbe mdogo aliyefunikwa barakoa nyeupe. Asiyemiliki matini huingia humo akiwa hana sura. Pengine sababu ilikuwa ya kiufundi tu, kwa kuwa data ndogo hupitishwa haraka. Hata hivyo, kati ya wahusika wote waliokuwepo, aliyechaguliwa kuwakilisha wasio na kitu ni yule mwenye barakoa, na hilo ni chaguo la mtunzi.

Kuhusu ubishi uliozuka baina ya wachezaji wenyewe, inatosha kueleza kwa ufupi. Katika Mario Kart DS, mchezaji anayetelezesha kigari konani na kusukuma kitufe cha mwelekeo kushoto na kulia kwa haraka hupata msukumo mdogo wa kasi. Baadhi waligundua kwamba hilo laweza kufanywa hata kwenye barabara iliyonyooka, mfululizo, kwa mwendo wa nyoka, hadi vidole vikaumia. Aliyeufahamu mwendo huo aliwaacha wenzake mbali mno. Mchezo ulikuwa wa kwanza katika mfululizo kuchezwa kwa intaneti, kupitia huduma iliyofungwa mwaka 2014, na huko wageni walikutana na mabingwa wa nyoka wakalalamika kwamba wanadanganywa. Hawakudanganywa, kila kanuni ilifuatwa. Ubishi huu unafanana kwa mbali na ule wa arudhi katika ushairi wa Kiswahili, ambamo iliulizwa kama utungo uliotimiza vina na mizani vyote ni shairi kwa sababu hiyo tu. Mario Kart Wii ya mwaka 2008 ilibadilisha namna ya kupata msukumo huo, na nyoka akafa.

Mzuka

Ipo namna ya kucheza ambayo haina sanduku, haina gamba, haina mshindani. Mchezaji huendesha peke yake dhidi ya saa. Katika Mario Kart DS hupewa nyoga tatu mwanzoni, na zaidi ya hizo hapati kitu. Bahati imetolewa nje. Kilichobaki humo pamoja naye ni mzuka: kigari chenye kuonekana nusunusu, ambacho ni kumbukumbu kamili ya mbio zake bora zilizopita, kona kwa kona. Mzuka hauwezi kugongwa wala kugonga. Magari mawili hupita ndani ya mwenzake kana kwamba moja halipo.

Sehemu hii huchukuliwa kuwa ya mazoezi, na wahakiki wachache walioigusa Mario Kart wameiruka ili wafike kwenye gamba la samawati. Ni kosa. Hapa ndipo swali la mtazamo linapofika mwisho wake, kwa kuwa anayetazamwa mgongo sasa ni mchezaji mwenyewe. Akiachwa nyuma, humwona mbele yake mtu aliyekuwa yeye jana, akipinda kona kwa ustadi ambao leo haumjii. Akitangulia, mzuka hubaki nyuma, na ni ramani ya chini tu inayomwambia ulipo. Hapana wa kulaumiwa. Yule aliyezoea kusema kwamba alikuwa anashinda hadi alipoangushwa hana maneno hayo tena.

Mzuka pia una makosa. Uliogusa ukingo wa nyasi kwenye mzunguko wa pili utaugusa kila siku, mahali palepale, kwa kiasi kilekile, na mchezaji hujifunza kuungojea hapo kama mtu anayengoja rafiki kwenye njia panda. Ndipo anapoupita. Rekodi ikivunjwa mchezo huhifadhi mbio mpya, na mbio za zamani hufutwa. Kesho yake, kwenye kona ileile, nyasi haziguswi tena na mtu yeyote.